Barua Kutoka Tabora

Mjomba,

Nimefika Tabora salama kwa treni ya reli ya zamani. Jana nilikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuliona Tembe la Livingstone, alimokaa mmisionari na msafiri David Livingstone. Ni nyumba ya wafanyabiashara Waarabu wa pembe za ndovu, ya katikati ya karne ya 19, Malkia Victoria akitawala Uingereza. Imekarabatiwa, sasa ni makumbusho. Usifikirie ghorofa wala vioo: kuta nene za udongo, paa tambarare, ua katikati, na mlango wa mbao wenye nakshi kama za Unguja. Nilizipapasa nakshi zile. Mwenye nyumba alitaka mgeni ajue tangu kizingitini kwamba humu mna mali.

Na mali yenyewe ilibebwa kichwani na mabegani, ikapitia huko kwetu Kilosa. Kwa njia hiyo, mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alivuka mbuga ya Mkata katika masika, mbuga ile ile tunayoikata kwa basi ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Punda walikufa, wapagazi wakaugua, na mizigo haikupungua. Februari 1872 akaingia Kwihara pamoja na Livingstone.

Wageni wengi hutaka kuona chumba cha Livingstone tu. Mimi nilikaa sana uani, nikiwawaza wapagazi wa Kinyamwezi na watumwa walioiendesha nyumba ile, ambao wengi wao hata majina hatuyajui.

Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, tunawajua. Livingstone alipofariki Mei 1, 1873, huko Zambia ya leo, wao na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba. Oktoba walifika Kwihara, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Akawashauri wamzike huko huko. Wakakataa. Februari 1874 waliufikisha mwili Bagamoyo. Kwangu mimi hakuna kubwa lililotokea Kwihara kuliko hilo: watu walioitwa watumishi walimkatalia ofisa wa Malkia, na neno lao likasimama.

Mjomba, likizo ikifika wapandishe watoto treni hapo Kilosa uje nao. Lakini kwanza wapeleke Mkata wakaione ile mbuga, uwasimulie habari za wapagazi.

Msalimie shangazi na wote nyumbani.