Si kila tumbo ni amiba

Wasee, tuongee kuhusu amiba. Ukiumwa na tumbo Nairobi hii, majibu huwa mawili tu: taifodi ama amiba. Mwaka jana langu lilinisumbua siku tatu. Nikaingia duka la dawa mtaani, na kabla nimalize kueleza, jamaa ashaweka Flagyl kwa karatasi. "Hiyo ni amiba, zimejaa huku." Nikamuuliza ameionea wapi. Akacheka. Nikaziacha hapo kwa kaunta, nikaenda kupimwa choo. Hakukuwa na amiba yoyote.

Na hata wangeiona, stori haingeishia hapo. Mbaya ni Entamoeba histolytica. Hiyo hula ukuta wa utumbo hadi unaharisha damu, na inaweza kuhamia kwa ini na kuacha jipu. Lakini iko na pacha, Entamoeba dispar, ambayo hukaa tumboni mwako bila kukudai kitu. Kwa hadubini zinafanana kabisa, labda uikamate ile mbaya ikiwa imemeza seli nyekundu za damu. Ilifika 1993 ndio wanasayansi wakazitenganisha rasmi. Kwa hivyo ukiandikiwa "amiba imeonekana", uliza ni gani. Kuna vipimo vya choo vinavyozitofautisha.

Shida nyingine ni vile tulifunzwa. Kwa Biolojia tulikariri Protoctista kama ufalme mmoja, kumbe ni droo ya "vingine": chochote chenye kiini kwa seli ambacho si mnyama, mmea wala kuvu kinatupwa humo. Amiba imo. Plasmodium ya malaria imo. Lakini kiukoo, amiba iko karibu na wewe kuliko ilivyo karibu na Plasmodium! Na Plasmodium yenyewe bado imebeba ndani yake mabaki ya mwani, eti mnyonya damu mwenye historia ya kuota jua.

Ndiyo maana dawa haziingiliani. Flagyl haitibu malaria. Hata kwa amiba yenyewe, inaua zile zilizoingia mwilini lakini vifuko vyake vinaweza kubaki utumboni, so daktari huongeza dawa ya pili kama paromomycin. Vifuko hivyo ndivyo hutoka na choo na kuingia kwa maji ya mwingine. Klorini ya mfereji haiviui kwa urahisi. Maji yakichemka, vinakufa.