Baruti Mbili, Mtutu Mmoja

Wahenga hawakupiga chuku waliponena kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Binadamu anapolinganisha vitu viwili, aghalabu moyo hutangulia kutoa hukumu, macho yakaja baadaye kutafuta ushahidi. Udhaifu huu hujitokeza hata katika mchezo ambao kwa mtazamo wa haraka hauna nafasi ya mapenzi wala chuki, yaani ulengaji wa shabaha kwa bunduki iliyolazwa mezani, mchezo uliopata sura yake rasmi nchini Marekani katika miaka ya 1940.

Mlengaji huketi nyuma ya meza thabiti, akailaza bunduki yake juu ya mifuko ya mchanga. Mbele yake, umbali wa yadi 100 au 200, pana karatasi ya shabaha. Kazi yake kuu si kupiga kitovu cha karatasi hiyo. Anachotafuta ni kupitisha risasi 5 mahali pamoja, tundu juu ya tundu, katika muda wa dakika 7. Upana wa kundi hilo la matundu hupimwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile lililo mbali nalo zaidi. Hupigwa makundi 5, wastani wake ukatafutwa, na mwenye wastani mdogo ndiye mshindi. Yamkini tofauti baina yake na anayemfuata ikawa nyembamba kuliko unywele.

Maadamu ushindi hutegemea unywele, hakuna kitu kinachopuuzwa, na baruti ndiyo husumbua akili zaidi. Neno hili, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, hapo kale lilimaanisha unga mweusi wenye moshi mzito. Baruti ya bunduki za leo ni nyingine kabisa. Ni ile isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliibuni mwaka 1884, na ile itumiwayo na walengaji hawa huonekana kama vijiti vifupi vifupi vya rangi ya kijivu. Miongoni mwa watumiaji wa 6 PPC, ganda fupi lililobuniwa katika miaka ya 1970 na daktari wa upasuaji Louis Palmisano pamoja na fundi Ferris Pindell, majina mawili ya baruti yamezoeleka sana. La kwanza ni N133 ya Vihtavuori, kiwanda cha Ufini kilichoanzishwa mwaka 1922. La pili ni H322 ya Hodgdon, kampuni ya Marekani, ingawa baruti yenyewe hutengenezwa Australia.

Kila moja ina wapenzi wake. Wanaoisifu N133 hukumbusha idadi ya mashindano iliyoyashinda. Hata hivyo, wao wenyewe hukiri kwamba ina tabia ya kugeuka pamoja na hali ya hewa. Kiasi kilichofaa asubuhi ya baridi huenda kisifae adhuhuri, na ndiyo sababu mlengaji hubeba vyombo vyake hadi uwanjani, akajaza maganda papo hapo na kupunguza au kuongeza sehemu ya kumi ya greni, ilhali greni moja yenyewe ni takriban gramu 0.065 tu, wala hathubutu kuvuka kikomo cha usalama. Wanaoisifu H322 husema kwamba haitishwi sana na joto, na kwamba vipande vyake vidogo huteremka vyema katika chombo cha kupimia, hivyo kila ganda likapata kiasi kinachokaribiana na cha mwenzake.

Je, mlengaji atajuaje ipi bora? Njia iliyo wazi ni kuzijaribu zote mbili, na hapo ndipo mtego ulipo. Mlengaji hupiga kundi moja la N133 na jingine la H322. La kwanza linatoka dogo ajabu, matundu matano yakawa kama moja. Analikata kwenye karatasi, analikunja na kulitia katika pochi. Makundi mengine matatu makubwa, yaliyopigwa kwa baruti ile ile siku ile ile, yanaishia jalalani, kila moja likiwa na udhuru wake: upepo uligeuka, mazigazi yalipotosha macho, kidole kiliharakisha. Kundi dogo la baruti asiyoipenda nalo huitwa bahati. Kweli mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Historia ya mchezo huu inaonyesha jinsi kundi moja lisivyotosha kuwa hoja. Mwaka 1973, Mac McMillan alipiga kundi la inchi 0.009 kwa yadi 100, yaani chini ya robo ya milimita. Rekodi hiyo ilidumu miaka 40, hadi Mike Stinnett alipopiga kundi la inchi 0.0077 mwaka 2013. Katika muda wote huo bunduki, risasi na baruti ziliendelea kuboreshwa, na wastani wa washindi ukazidi kupungua. Ikiwa wastani ulishuka ilhali kundi lile moja halikufikiwa, basi kundi moja na wastani ni mambo mawili tofauti. La kwanza hukaribisha bahati mezani. La pili huilazimisha kusubiri nje.

Hesabu nayo haina huruma. Makundi ya risasi 5 yanayopigwa kwa bunduki moja, baruti moja na katika hali moja hupishana kwa bahati tu, na mtawanyiko wake wa kawaida huzidi robo ya wastani wenyewe. Ili mlengaji adai kwa uhakika wa kuridhisha kwamba baruti moja imeishinda nyingine kwa asilimia 10, anahitaji makundi yapatayo 60 ya kila baruti. Hizo ni risasi 300 za moja na 300 za nyingine, jumla 600. Ilhali mtutu wa mashindano hudumu katika ubora wake kwa takriban risasi elfu moja na ushei, kwani moto wa baruti huula polepole pale ambapo risasi huanzia safari yake. Kwa hivyo, kila risasi inayopigwa ili kutafuta ukweli huumega mtutu ule ule ambao ukweli unatafutwa kwa ajili yake. Atakayetaka kujua yote atajua akiwa na chuma kilichochakaa, na mtutu mpya atakaoununua huenda ukawa na matakwa mengine.

Mlengaji mwenye busara hujifunza kuridhika na ujuzi nusu, lakini ulio wa haki. Hupiga kundi la baruti hii kisha la ile kwa zamu, ili upepo na joto vizipate zote mbili. Hutazama umbo la kundi pamoja na upana wake, kwa maana upepo huzisukuma risasi kando, ilhali kiasi kisichopatana na mtetemo wa mtutu aghalabu huzitawanya juu na chini. Hununua baruti ya toleo moja kwa wingi, kwani hata baruti yenye jina moja hutofautiana kutoka toleo hadi toleo. Zaidi ya yote, huandika kila kundi katika daftari lake, zuri na baya, bila kuteua.

Jioni, daftari hilo likifunguliwa, mara nyingi halina jibu la kupigiwa vigelegele. Wastani wa baruti moja umekaribia wa nyingine, na aliyekuja akitamani mshindi hana budi kuandika maneno machache yaliyo mazito kuliko sifa zote: tofauti haijaonekana. Mhakiki anayempima mtunzi mmoja kwa ubeti wake bora, na mwenzake kwa ubeti wake dhaifu, angefaidi kuketi mezani hapo kwa siku moja. Huenda naye angetoka na pochi tupu na daftari lililojaa.