Tuhamie Masasi au Newala?

Akina mama wenzetu, aliyeolewa na kazi ya serikali anaijua barua ya uhamisho. Huja na jina la wilaya, nawe unafunga mizigo. Safari hii tulipata bahati ya kuulizwa: Masasi au Newala? Mmoja wetu alitaka Masasi, maana ni njia panda ya mabasi ya Mtwara, Nachingwea na Tunduru. Mwingine alitaka Newala kwa ubaridi wake. Tukabishana wiki nzima, mpaka binti yetu mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, akauliza: "Na mimi nitasoma wapi?"

Tulinyamaza. Mtoto akifaulu darasa la saba, mara nyingi hupangiwa sekondari ya kutwa ya kata yake au ya jirani. Kumbe ukichagua nyumba, umechagua na shule. Habari ya ada haikutusumbua, kwani iliondolewa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Tukachukua likizo fupi kwenda kuona kwa macho.

Masasi inapendeza. Milima ya mawe imesimama kando ya mji kama walinzi. Wamisionari Waanglikana walifika hapa mwaka 1876, na shule ni jambo la zamani kwa watu wake. Mzee mmoja alitucheka: "Mnahangaika nini? Mkapa si alitoka Lupaso hapa hapa akafika Ikulu?" Ni kweli, ila naye alitoka kwao kwenda kusoma Ndanda, kisha Pugu.

Nyumba tulizozimudu zilikuwa pembezoni mwa mji, na sekondari ya huko ilikuwa mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa miguu. Tulimwomba mwalimu atuonyeshe rejesta. Hatukutafuta nani alipata daraja la kwanza. Tulitafuta wasichana walioanza kidato cha kwanza wakafika cha nne. Majina kadhaa yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu. Tulipouliza sababu, mwalimu alijibu neno moja: "Kupanga." Wanaotoka mbali hukodi chumba karibu na shule, watoto wa miaka kumi na minne, wanajipikia na kulala bila mtu mzima. Sisi tunaofanya kazi kliniki ya wajawazito hatukuhitaji maelezo zaidi. Tangu mwishoni mwa 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, nasi tunashukuru, lakini nani atamlelea mtoto asubuhi?

Kesho yake tulipanda uwandani. Mikorosho pande zote, na kutoka ukingoni unaliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Hata wamisionari wa Masasi walikimbilia huku baada ya kuvamiwa mwaka 1882. Taabu ya Newala ni maji. Mchanga wa uwanda huyanywa yote, na ya bomba husukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Tulikuta wasichana wanaingia shuleni na madumu. Tuliomba kuona vyoo. (Kina mama, msione haya kuomba hivyo. Msichana aliye hedhini asipopata maji na mlango wenye komeo, atabaki nyumbani siku hizo, kila mwezi.) Mlango ulikuwapo, maji kidogo.

Shule ya Newala haikuwa na madawati mazuri kuliko ile ya Masasi. Lakini tulipata nyumba ya bati yenye kisima cha kuvunia mvua, dakika kumi kutoka shuleni. Tukahamia.

Kisima hukauka kabla ya mvua kuanza, na hapo tunanunua ndoo kama wengine, huku baba watoto akiikumbuka Masasi kwa sauti kubwa. Binti sasa yuko kidato cha pili. Jioni wanakuja wenzake watatu waliopanga chumba mtaa wa pili, wanasomea taa ya barazani kwetu mpaka saa tatu. Tunawapa uji, kisha tunawasindikiza hadi mlangoni kwao na kusubiri tusikie komeo.