Kilichobaki kwenye gunia

Mama yangu aliuza mchele Kyela kwa zaidi ya miaka ishirini. Asubuhi alipima gunia kabla ya kulifungua; jioni alipima kilichobaki. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilimpa rafiki yangu kilo mbili kwa siri, maana kwao walikuwa wamelala njaa. Jioni Mama alitazama mizani, akanitazama mimi. "Kilo mbili zimetoka, hela yake haipo." Hakuuliza zaidi, nami sikusema.

Leo ni mwanafizikia, na hesabu ya Mama ndiyo kazi yangu.

Chembe ya Higgs iligunduliwa CERN mwaka 2012 kwa kugonganisha protoni katika handaki la kilomita 27. Lakini protoni ina vipande vingi ndani yake, na hatujui kila kipande kimeingia na nishati kiasi gani. Ni gunia ambalo halikupimwa asubuhi. Mashine inayopangwa, ya kilomita 91, itaanza kwa kugonganisha elektroni na pozitroni, ambazo nishati yake tunaijua. Higgs itazaliwa pamoja na chembe iitwayo Z. Tukiipima Z na kuitoa kwenye jumla, tutajua Higgs ilikuwapo hata kama imevunjika na kuwa kitu kisichoonekana na chombo chochote. Huenda maada ya giza imejificha hapo.

Mashine hiyo bado haijajengwa. Siku zangu hupita kwenye kompyuta, nikiiga migongano ambayo haijatokea, ili tujue vipimo vyetu vitakosea kwa kiasi gani.

Juzi nilimweleza Mama kwa simu.

"Majibu yatatoka lini?"

"Ikikubaliwa, itaanza kazi mwishoni mwa miaka ya 2040."

Alinyamaza. Ana miaka 74. Mimi wakati huo nitakuwa nimestaafu, au nakaribia.

"Kwa hiyo unapima gunia watakalolifungua wengine."

"Ndiyo, Mama."

"Basi lipime vizuri, wasije wakakulaumu."

Nilidhani tumemaliza. Nikataka kumuaga.

"Na yule rafiki yako," akasema, "kwao walikula siku ile?"

Miaka thelathini sikuwahi kumwambia.

"Walikula, Mama."

"Haya. Nilitaka kujua tu."