Uvimbe Ambao Haukuondoka

Shuhuda nyingi tunazozisikia kanisani huishia kwa neno moja: kimeondoka. Ugonjwa umeondoka, deni limeondoka, adui ameondoka. Mimi nashuhudia juu ya kitu ambacho hakikuondoka. Kipo begani mwangu hata ninapoandika haya.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Siku moja nikioga nilipapasa nyuma ya bega la kulia nikakuta uvimbe laini, hauumi, ukibonyezwa unateleza chini ya kidole. Wiki hiyo nilisikia mengi. Jirani alisema ni kansa, shangazi yake alianza hivyohivyo. Mwingine alisema nimetupiwa kitu. Dada mmoja wa jumuiya yetu, kwa upendo kabisa, alinisihi tufunge siku tatu na nisiende kupima, maana kupima ni kumpa shetani nafasi ya kutamka neno lake.

Tulifunga siku tatu. Siku ya nne nikaenda kupima. Sikuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Mfalme Hezekia alipougua alimlilia Mungu, na Mungu akasikia. Lakini katika sura ileile, 2 Wafalme 20, nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Tomaso naye alitaka kuona na kugusa, na Bwana hakumfukuza. Alimwonyesha.

Katika hospitali ya Temeke daktari alinipapasa, kisha akaniandikia altrasaundi. Nililala kifudifudi, nikapakwa jeli ya baridi, mtaalamu akapitisha kifaa chake begani. Hakuna mionzi hapo; ni mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Yanaingia mwilini na kurudi kama mwangwi, na mashine inauchora mwangwi huo. Aligeuza kioo nikaona umbo la yai lililolala chini ya ngozi, juu ya msuli, lenye mistari myembamba kama nyuzi za kushonea.

"Mama, hii inaonekana ni lipoma," alisema. "Uvimbe wa mafuta. Si kansa."

Daktari alinieleza kuwa watu wengi wanazo, na wengi huishi nazo hadi uzeeni. Wangu ulikuwa sentimita 3. Kama ungezidi sentimita 5, au ungekuwa mgumu, wenye maumivu, unaokua haraka, au umejificha chini ya msuli, angetaka kipimo cha MRI, au kukata kinyama kidogo kikapimwe. Akasema upasuaji si lazima, ila nikiona mabadiliko nirudi.

Nilikuwa nimeomba uvimbe uondoke. Nilichopewa ni jina lake. Usiku ule nililala, kwa mara ya kwanza tangu siku niliyoupapasa. Hofu isiyo na jina inalala nawe kitanda kimoja. Ikishatajwa, unaweza kuizungumza hata mezani, mbele ya watoto.

Lakini kwenye benchi la kusubiri nilikaa na mama mmoja ambaye karatasi yake ilimwelekeza Ocean Road. Wakazi wa Dar es Salaam tunajua maana ya jina hilo. Alinishika mkono, akaniuliza mimi nimeambiwa nini. Nilimjibu ukweli, naye akasema, "Mungu ni mwema." Alilisema yeye, si mimi.

Ndiyo maana siwezi kusema kwamba uvimbe wangu ulikuwa mafuta kwa sababu nilifunga, au kwa sababu imani yangu ni kubwa. Ningekuwa nasema nini juu ya imani yake? Mungu aliyekuwa nami kwenye kile kitanda cha altrasaundi ndiye aliyepanda naye daladala.

Jumapili nilipoitwa kushuhudia, nilieleza yote mawili, la kwangu na la mama yule. Mchungaji akaomba tusimame, tukamwombea bila kujua jina lake.