Somo Alikuwa Mtu

Unguja, neno "somo" lina maana mbili, na mabadiliko yote ya namna muziki unavyorithishwa kisiwani yamo baina yake. Somo ni kile kinachofundishwa darasani, kwa saa yake na daftari lake. Somo pia ni yule mwanamke mtu mzima anayekabidhiwa mwari ili amfunde: usafi, mwili, ndoa, subira, na ngoma ya unyago inayobeba mafunzo hayo. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alikuwa somo kwa maana hii ya pili. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 alililiwa kama mwimbaji, malkia wa taarab. Sifa hiyo ni yake kwa haki, lakini inaanza hadithi mwishoni. Kabla ya kuwa nyota alikuwa mwalimu, na kwa njia hiyo mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kumzaa akawa bibi wa kisiwa kizima.

Ushahidi upo katika mpangilio wa maisha yake. Alizaliwa kijijini Mfagimaringo mwanzoni mwa karne iliyopita, mwaka ambao haukuandikwa popote, binti wa muuza nazi. Wakati huo taarab ilikuwa mali ya kasri na ya vyama vya wanaume kama Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905. Mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ndiye aliyeufungua mlango kwa wanawake, na santuri alizorekodi Bombay kuanzia mwaka 1928 ziliiweka sauti ya Kiswahili mbele ya wanunuzi wa pwani yote. Bi Kidude alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Hakuwa na nota wala cheti. Alikuwa na sikio. Alizikimbia ndoa zisizomfaa, akazunguka bara kwa miguu, kisha akarudi kuishi Ng'ambo, ng'ambo ya Mji Mkongwe, akijitafutia riziki kwa kupaka hina, kwa dawa za miti na kwa kufunda wari. Tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, ilimfikia mwaka 2005, akikadiriwa kuwa amepita miaka 90. Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya umri wake, waliomjua kwa karibu zaidi hawakuwa watazamaji wa matamasha. Walikuwa wasichana ndani ya nyua, na mama zao waliomwamini.

Ufundishaji wa aina hiyo unaonekana vizuri katika msondo. Ngoma hii ndefu hufungwa kiunoni kwa kanga, ikakaa kati ya miguu, na mpigaji huinama juu yake hata uzito wake na wa ngoma ukawa mmoja. Mtu hawezi kuupiga kwa viganja peke yake. Kiuno, magoti na pumzi vyote vimo. Mwari hakupewa maelezo juu ya mdundo. Aliwekwa ndani yake, akasahihishwa kwa mkono uliomshika nyonga, akarudia mpaka somo aliporidhika. Hapakuwa na saa ya kumaliza. Na wimbo haukutenganishwa na kazi yake: kila ubeti wa unyago ulikuja na jambo ambalo msichana alipaswa kulijua kabla hajalikuta.

Mwaka 2002 Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilianza katika jengo la Forodha ya Zamani, Mizingani, likitazama bahari. Chuoni mwanafunzi huvaa pete mbili zenye vijiti kwenye vidole vya shahada na kujifunza kuzichambua nyuzi zaidi ya 70 za kanuni, huku jirani yake akishika udi, fidla au piano. Anasoma nota, anafanya mtihani, anapata cheti. Wapo watakaosema kwamba haya ni maendeleo matupu, na hoja yao ina nguvu. Elimu ya zamani ilifungwa: ilihitaji ukoo, jirani au bahati, na mwenye nayo akifa, aliondoka nayo. Darasa limemfungulia hata binti ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kugusa udi. Leo wapo wasichana wa Unguja wanaopiga ala ambazo bibi zao walizisikia kutoka upande wa pili wa pazia. Anayeukana ukweli huo hamtetei Bi Kidude, kwa sababu yeye mwenyewe aliishi kwa kuvuka mipaka aliyowekewa.

Wengine hupinga kutoka upande wa pili: unyago ni siri na una mambo yasiyosemeka hadharani, tena uliwafunda wasichana kutii, bora ufe. Lakini utii si neno la kumweleza mwanamke aliyetembea bara kuikimbia ndoa. Hata hivyo, hofu ya siri kutoka nje ina maana, na Bi Kidude alilaumiwa kwa kuupandisha unyago jukwaani. Kinachopaswa kuulizwa ni nani sasa anamweleza msichana habari za mwili wake. Mama huona haya, mwalimu hukimbilia mtaala, na simu humweleza kila kitu bila kumpenda. Somo alisema waziwazi, na kesho yake alikuwapo kuulizwa tena.

Imebaki hoja ya tatu, kwamba sauti yake imerekodiwa na filamu zipo, hivyo hakuna kilichopotea. Rekodi imehifadhi sauti ile nzito, yenye mikwaruzo, na ni neema kubwa. Haikuhifadhi uamuzi wake wa kusema "bado" au "sasa tayari". Huo ndio uliokuwa ufundi wake, na hauingii katika kanda, kwa kuwa hutegemea mtu anayemtazama mtu. Kwa hiyo urithi wake hautunzwi kwa kuimba nyimbo zake kila tamasha. Utatunzwa pale ambapo chuo kitamlipa kungwi mzee, yaani somo wa aina yake, mshahara wa mwalimu, akae na wanafunzi wachache kwa miezi, na cheti cha ngoma kisitiwe saini mpaka yeye, hata kama hajui kusoma nota, aseme kwamba huyu ameiva. Siku hiyo zile maana mbili za "somo" zitakutana tena katika chumba kimoja.