Kuandika Tu, Kushona Tu



Mwaka jana nilimnunia mteja kwa sababu alinitajia bei ya kazi yake. Alikuwa bi harusi, amekuja kushonesha gauni. Nilipomuuliza shughuli zake akasema anaandika miswada ya filamu na tamthilia, na miezi isiyo na filamu anahariri maandishi ya watu: barua za biashara, vitabu, maombi ya kazi. Moyoni nikacheka. Nikamtolea kikaratasi changu cha makubaliano ya wateja, nikamwambia anirekebishie, maneno machache tu. Akakisoma, akasema elfu thelathini.

Jamani! Mimi sekondari nimemaliza, Kiswahili ni changu.

Lakini kikaratasi kile kilishanitia hasara. Niliandika, "Pesa hairudi kazi ikianza." Bi harusi mmoja posa yake ikavunjika nami nimeshakata hariri mita tano niliyoinunua Darajani. Mama yake akanijia juu: kazi inaanza ukitia sindano, wewe umekata tu. Tukabishana mpaka majirani wakatoka. Nikarudisha laki moja na nusu, vipande vikabaki kabatini. Yule mama hakuwa mwongo. "Ikianza" yangu mimi na "ikianza" yake hazikuwa moja.

Basi nampima mabega huku namuuliza, thelathini ya nini? Akanieleza kazi yake. Kwenye mswada wa filamu unaandika kinachoonekana na kinachosikika, basi. Ukiandika "alihuzunika", kamera itapiga picha ya nini? Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, na kila dakika ina waigizaji, taa na watu wa kulishwa, kwa hiyo neno la ovyo ni pesa ya mtu.

Akanitajia Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya hapa hapa kwetu Zanzibar, iliyotolewa kuwa filamu mwaka 2021. Mswada waliuandika Amil Shivji, aliyeiongoza, pamoja na Jenna Cato Bass wa Afrika Kusini. Kitabuni unaambiwa Yasmin aliyeozwa mwanamume mzee anawaza nini. Kwenye filamu lazima umwone. Hapo nikamwelewa, maana ni kama gauni la mama kulipunguza limkae binti: hukunji pembeni tu, unafumua lote. Na mswada mmoja, anasema, huuandika upya mara tano, mara sita, halafu mwenye filamu anamwambia, "Nipitishie kidogo tu hapa."

Hiyo "tu" naijua. "Upindo tu, fundi." "Zipu tu, fundi, hata dakika kumi hazifiki."

Na ile aya ndefu kuliko zote, katika Suratul Baqara, inayotuamrisha kuandikiana madeni, ndani yake tumekatazwa pia kumdhuru mwandishi. Nimeisoma tangu chuoni, sehemu ile nikiipita mbio.

Nilitaka tukatane kwenye bei ya gauni, akakataa. Mimi nimlipe yake, yeye anilipe yangu. Akanihoji karibu saa nzima: kitambaa ni cha nani? Hasara yako inaanza lini hasa? Mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Kikatoka hivi: "Kabla kitambaa hakijakatwa, advansi inarudishwa yote. Kikishakatwa, hairudishwi." Sentensi mbili kwa elfu thelathini, na bado mumu wangu alinicheka.

Mashoga zangu mnaoolewa, mpishi na mpambaji wakikupa karatasi, isomeni mkiwa mmekaa, si mlangoni mkivaa viatu.

Mwezi uliopita akaja shangazi wa bi harusi mwingine, shughuli imeahirishwa. Akaisoma karatasi taratibu, akaniuliza, "Kitambaa umeshakata, mwanangu?" Nikakitazama rafuni, kimekunjwa vile vile. Angeniamini ningesema ndiyo. Nikamhesabia laki mbili zake zote, akanywa chai, akaondoka.